Kisanduku cha mayai ya samoni: kipimo kizuri cha mto, mtambo dhaifu wa samaki

Kikundi cha kulinda mto kikipata ruzuku yake ya kwanza, kitu kinachotamaniwa haraka ni kisanduku cha kutotolea mayai. Kinabebeka kwa mkono mmoja, watoto wa shule wanaweza kusaidia kukijaza, picha yake inapendeza kwenye ripoti ya mfadhili, na hesabu yake inashawishi. Katika kiota cha asili mayai mengi hufa kabla vifaranga hawajatoka kwenye changarawe, ilhali ndani ya kisanduku kilichowekwa vizuri manane au tisa kati ya kumi huweza kuanguliwa. Anayeishia kwenye hesabu hiyo atanunua visanduku mia. Sisi tungenunua vichache, na tungevitumia kwa kazi tofauti na ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo.

Tunaangalia hapa aina tatu zinazotumiwa na vikundi vya kujitolea kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, hasa British Columbia na jimbo la Washington, ambako samoni wa mwituni bado wanapanda vijito vinavyopita nyuma ya nyumba za watu. Mengi yanafaa pia kwa samoni wa Atlantiki wa Scotland, ila sheria za huko ni nyingine.

Aina tatu

Ya kwanza ni Whitlock-Vibert. Wazo lilitoka Ufaransa kwa Richard Vibert, kisha Mmarekani Dave Whitlock akaongeza chumba cha pili. Ni kisanduku kidogo cha plastiki chenye nyufa nyembamba pande zote. Mayai hukaa juu. Nyufa za sakafu ya chumba hicho huzuia yai la duara lisidondoke, lakini kifaranga akishaanguliwa, mwili wake mwembamba hupenya na kushuka kwenye chumba cha kulelea, ambako hubaki hadi kifuko chake cha kiini kiishe. Ni ubunifu safi. Tatizo ni kwamba mayai yanalaliana. Yai moja likifa, kuvu ya maji huota juu yake, na nyuzi zake nyeupe kama pamba huwafikia majirani na kuwaziba pumzi. Ukikijaza hadi juu, kifo kimoja cha wiki ya pili huwa vifo mia wiki ya sita. Kumbuka pia kwamba kisanduku hiki kilizoeleka kwanza kwa mayai ya trauti, samaki wa jamii ya samoni, ambayo ni madogo. Mayai ya chinuki na chamu, aina mbili za samoni wa Pasifiki, hufika milimita 7 hadi 9 kwa upana, na vifaranga wake ni wanene. Kabla ya kuagiza kwa ajili ya hao, pima ufa.

Ya pili ni Jordan-Scotty, na kati ya zile za kufukia ndiyo tunayoipendelea. Ni mabamba mawili ya plastiki yanayofumbatana, yenye vijumba 200, kila yai na kijumba chake. Yai likifa, linakufa peke yake. Mabamba kadhaa hufungwa pamoja kwa boliti yakawa bunda moja. Faida yake nyingine haitajwi sana: mwisho wa msimu unaweza kufungua bamba na kusoma kijumba kimoja kimoja, kipi kiko kitupu, kipi kina yai jeupe, kipi kina kifaranga aliyekufa na kipi kimejaa tope.

Ya tatu haiuzwi dukani kama kifurushi kimoja. Ni pipa la kando ya mto: pipa la plastiki la lita 200 au ndoo kubwa, maji yanaingia chini kwa bomba kutoka juu ya kijito, yanapanda kupitia changarawe na trei za mayai, kisha yanamwagika juu kwa bomba la kutokea linalorudi mtoni. Vifaranga wakiwa tayari hupanda wenyewe kufuata mkondo na kuondoka. Hili linabeba makumi ya maelfu ya mayai. Pia linaweza kuyaua yote usiku mmoja.

Kujaza bila kuua

Yai la samoni lina vipindi viwili tu vya kustahimili kusafirishwa: siku ya kwanza baada ya kurutubishwa, na baada ya macho kuonekana. Katikati ya hapo mtikisiko wa gari kwenye barabara mbovu unatosha kulipasua ndani. Kwa hiyo kikundi kichukue mayai yenye macho, yale ambayo ukiyatazama dhidi ya mwanga unaona vidoti viwili vyeusi. Kituo cha kuzalisha samaki kinachoyatoa kinapaswa kuwa kimeshayastua, yaani kimeyamimina kutoka kimo kidogo ili yasiyorutubishwa yageuke meupe na kutolewa. Yakifika bila kustuliwa, yarudishe. Ukiyafukia hivyo utakuwa unafukia chakula cha kuvu.

Safirisha mayai kwenye kasha la baridi, yamefunikwa kitambaa chenye unyevu, barafu ikiwa juu lakini isiyaguse moja kwa moja. Yafiche jua, mwanga mkali huyadhuru. Dawa ya kuua vimelea inayotumika kwa kawaida ni ya ayodini, kiwango cha miligramu 100 kwa lita kwa dakika 10, kisha suuza kwa maji safi ya kijito. Kuna dawa za ayodini zenye sabuni ndani yake, na hizo zinaua mayai, soma lebo. Kabla ya kuyaingiza kwenye maji ya mto, linganisha joto. Yakitofautiana kwa nyuzi tano, chukua saa nzima kuyasogeza taratibu kwa kuongeza maji ya mto kidogo kidogo.

Kwa Jordan-Scotty, laza bamba moja ndani ya karai la maji ya kijito, maji yakipita juu ya vijumba kwa upana wa vidole viwili. Mimina mayai kidogo na uinamishe karai polepole. Yatajiviringisha na kutumbukia kila moja mahali pake. Yanayozidi yasukume kwa unyoya au brashi laini, si kwa kidole. Funika kwa bamba la pili ukiwa bado chini ya maji, ili hewa isibaki kwenye vijumba: kipovu kimoja kikikaa juu ya yai, maji hayapiti hapo. Huu ndio ufundi wote wa kifaa hiki, na ndio unaorukwa na watu wanaojaza wakiwa juu ya meza kavu.

Kufukia ni kazi ya mwili. Tafuta mkia wa kidimbwi, pale maji yanapoanza kuinuka kuelekea mkondo wa kasi, kwa sababu hapo maji huzama ndani ya changarawe yenyewe. Jike la samoni huchagua mahali hapo hapo, na ndiyo sababu inabidi utazame kwanza kama pana kiota tayari. Kiota kipya kinaonekana kama kiraka cha mawe meupe yaliyosafishwa, shimo upande wa juu na tuta upande wa chini. Mayai yako ndani ya tuta. Mtu mmoja mwenye buti za mpira akilikanyaga tuta hilo anaweza kuharibu mayai mengi kuliko yale aliyoyaleta ndani ya kisanduku.

Chimba sentimita 15 hadi 25. Tumia koleo kuinua changarawe na kuiacha idondoke tena mkondoni, ili tope na mchanga laini uchukuliwe na maji; rudia mpaka maji yanayotoka yawe safi. Weka bunda nyufa zake zikielekea mkondo, kisha zungushia mawe ya ukubwa wa ngumi kabla ya kurudisha changarawe ndogo. Lifunge kwa waya usioshika kutu hadi kwenye nondo au mzizi wa ukingoni, piga picha ukiwa pande zote mbili, na andika nambari za GPS. Mafuriko ya Novemba yakishapita, kijito hakifanani tena na kile ulichokiacha.

Hesabu ya joto

Mayai hayafuati kalenda, yanafuata joto. Chukua wastani wa joto la kila siku na ujumlishe. Kwa koho, aina nyingine ya samoni wa Pasifiki, macho huonekana jumla inapokaribia 220 hadi 250, kuanguliwa huja kati ya 400 na 500, na vifaranga hutoka kwenye changarawe kati ya 700 na 800. Chamu huhitaji zaidi, karibu 900 hadi 1,000 kabla ya kutoka. Kwa hiyo koho aliyefukiwa akiwa na 250, kwenye kijito chenye wastani wa nyuzi 5, atatoka baada ya siku 100 hivi. Kwenye kijito cha nyuzi 8, siku 63. Maji yakiwa ya baridi sana jumla inayohitajika hupungua kidogo, hivyo hesabu hii ni makadirio tu: usifukue siku ile ile inapotimia. Acha wiki mbili au tatu za ziada.

Ndiyo maana hatupendekezi kununua kisanduku chochote bila kinasa joto. Kinachofaa ni kile kidogo kisichopitisha maji chenye usahihi wa nyuzi 0.2, kilichowekwa ndani ya kipande cha bomba jeupe lenye matundu ili jua lisikipashe. Kiweke mahali maji yanapochanganyika vizuri, si kwenye kidimbwi kilichotulia, na ukiwekee muda wa kunasa wa kila nusu saa au saa moja. Kabla ya kukiweka na baada ya kukitoa, kitumbukize kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa na maji: kisiposoma karibu na sifuri, data yake ya msimu mzima ina walakini. Hatua hii ya ndoo inachukua dakika 20, na wengi huiacha.

Namba za kulinganisha zipo. Mwongozo wa mwaka 2003 wa shirika la mazingira la Marekani, EPA, kwa majimbo ya kaskazini-magharibi unatumia wastani wa siku saba wa joto la juu la kila siku: nyuzi 13 kwa kutaga na kuatamia, 16 kwa maeneo makuu ya kukulia, 18 kwa maeneo mengine ya kukulia, na 20 kwa njia ya kupita tu. Kijito kikivuka 13 wakati mayai yako yamo, lawama si ya kisanduku.

Pipa la kando ya mto: kwa nani?

Pipa tunalisifu kwa shingo upande. Kwa chamu na pinki, aina za samoni ambao vifaranga wao huteremka baharini karibu mara tu wanapotoka kwenye changarawe, lina mantiki. Samaki hao hawadai nafasi ya kulelewa kijitoni, kwa hiyo ukiongeza vifaranga, unaongeza wanaofika baharini. Kwa koho hali ni kinyume. Koho hukaa kijitoni mwaka mzima, kila mmoja akitetea kipande chake cha kidimbwi, na idadi ya vidimbwi ndiyo inayoamua wangapi watasalia. Kwa kawaida, katika mayai 100 ya koho ni moja au mawili tu yanayofikia hatua ya kuteremka baharini. Ukimwaga vifaranga elfu kumi kwenye kijito chenye nafasi ya mia tano, umewalisha trauti na ndege.

Pipa huharibika kwa njia chache, na zote zinajulikana. Bomba la kuingizia huziba kwa majani ya vuli. Dawa yake ni kuweka kichujio kikubwa mdomoni, kilichoinama ili majani yateleze, na tangi la kutulizia tope kabla ya pipa. Bomba lililopita juu ya ardhi huganda usiku wa baridi kali, basi lifukie. Maji yakianguka kwa kasi ndani ya bomba lililofungwa huvuta hewa na kujaa hewa hiyo kupita kiasi, na vifaranga hupata mapovu mwilini. Acha maji yaanguke wazi kwenye tangi la juu ili hewa itoke. Mayai yakikosa mtiririko hustahimili kwa muda mradi yabaki na unyevu. Vifaranga wenye kifuko hawastahimili, hutumia oksijeni haraka na kufa. Wiki zinazofuata kuanguliwa lazima mtu atembelee pipa kila siku, bila kuruka Krismasi. Kikundi kisicho na watu wa zamu wa aina hiyo kisijenge pipa.

Mtiririko upime kwa ndoo: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja, unapata lita 20 kwa dakika. Andika namba hiyo ubaoni kando ya pipa, ili wa zamu ya kesho aone kama imeshuka. Namba ikipungua taratibu siku tatu mfululizo ni kichujio. Ikianguka ghafla, bomba limechomoka au ukingo umeporomoka.

Kibali kwanza, kisanduku baadaye

Hakuna kifaa kati ya hivi unachoruhusiwa kukitumia kwa uamuzi wako. Nchini Canada kuhamisha mayai au samaki hai kunahitaji leseni chini ya kifungu cha 56 cha kanuni za jumla za uvuvi za shirikisho, na idara ya uvuvi ina washauri wa jamii ambao kazi yao ni pamoja na kuvielekeza vikundi vya aina hii. Washington inadai kibali cha kusafirisha na kuachia samaki, na kingine tofauti kwa kazi yoyote inayogusa kitanda cha mto. Huko pia makabila ya wenyeji yenye mikataba na serikali ya Marekani ni wasimamizi wenza wa samoni tangu hukumu ya Jaji Boldt ya 1974, iliyoyapa haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mradi usioongea nao mapema unapoteza mwaka, na unapoteza pia maarifa ya watu wanaojua kijito kilikuwa na samaki gani.

Kuna sababu nzuri ya ukali huo. Mayai lazima yatoke kwenye mto ule ule au jirani yake wa karibu, kwa sababu kila ukoo wa samoni una saa yake ya kupanda na kutaga iliyofungamana na maji ya kwao. Na hata mayai ya kwao yana gharama: mtu akichagua dume na jike kwenye ndoo, uchaguzi wa mtoni umeondoka. Utafiti wa Araki na wenzake uliotoka mwaka 2007, juu ya trauti wa baharini (steelhead) wa mto Hood huko Oregon, ulikadiria kuwa uwezo wa kuzaa porini hushuka karibu asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni. Kisanduku hakilei samaki muda mrefu kama kituo, hivyo madhara yake hayawezi kulinganishwa moja kwa moja, lakini mwelekeo ni huo. Montana iliacha kupandikiza trauti kwenye mito yenye trauti wa mwituni mwaka 1974. Wales iliamua kuacha kupandikiza samoni mwaka 2014. Anayekuuzia kisanduku hana haja ya kukueleza hayo.

Kazi ambayo kisanduku kinaifanya vizuri

Sasa tuje kwenye matumizi tunayoyapenda. Bamba la Jordan-Scotty (hapa tunamaanisha jozi nzima iliyofumbatana) lenye mayai machache ni mojawapo ya vipimo bora na vya bei nafuu vya afya ya changarawe. Mashine ya oksijeni inakuambia hali ya maji saa uliyopima. Mayai yanakaa miezi mitatu chini na kukupa jawabu la msimu mzima.

Chagua sehemu tatu: juu kabisa ambako msitu bado uko, katikati, na chini ya mahali unapopashuku, tuseme barabara ya vumbi au malisho ya ng'ombe. Fukia mabamba mawili kila sehemu. Bamba la saba liweke kwenye trei safi inayopitishiwa maji hayo hayo ya kijito bila changarawe. Hilo ndilo shahidi wako. Shahidi akifa pia, kosa liko kwenye mayai, usafiri au maji yenyewe. Shahidi akipona na waliofukiwa wakafa, kosa liko kwenye changarawe.

Kisha usome. Mayai meupe ndani ya vijumba safi yanaashiria kifo cha mapema: joto, mtikisiko, au kemikali. Vifaranga waliokufa wakiwa wamezungukwa na tope laini wanamaanisha kukosa hewa mwishoni, wakati mahitaji yao ya oksijeni yako juu kabisa. Vijumba vitupu na safi ni mafanikio, ingawa si asilimia mia, kwani yai lililokufa mapema huweza kuoza likatoweka na kuhesabiwa kama kifaranga aliyeondoka. Kwa hiyo kiwango cha kupona unachopata kwa kutoa waliokufa kwenye jumla kina chumvi kidogo. Bunda likipotea kabisa, nalo ni jibu: mafuriko yanachimba kitanda kupita kina cha viota, na mara nyingi chanzo ni mvua inayotiririka kutoka kwenye lami na mapaa badala ya kuzama ardhini.

Tope linapoonekana, lipime. Chukua sampuli za changarawe, zipitishe kwenye vichujio, na uangalie sehemu iliyo chini ya milimita 0.85. Kigezo ambacho kimetumika Washington ni hiki: chini ya asilimia 12 ni nzuri, juu ya 17 ni mbaya. Kwa oksijeni, miongozo ya British Columbia inataka wastani wa miligramu 11 kwa lita kwenye maji ya juu wakati mayai yamefukiwa, na 8 ndani ya changarawe yenyewe. Sampuli ya ndani ivute polepole kwa bomba jembamba na sirinji. Ukivuta kwa nguvu unaingiza hewa na kujidanganya. Siku ya mvua kubwa ya kwanza, fuata maji machafu kuelekea juu hadi yanapogeuka safi. Hapo katikati ndipo penye kazi, na huhitaji mayai kulijua hilo.

Fedha iliyobaki iende wapi

Kalvati kwanza. Washington huhesabu kalvati kuwa kizuizi kwa samaki pale maji yanapodondoka sentimita 24 au zaidi kwenye mdomo wake wa chini, au mteremko wake ukifika asilimia 1 bila kitanda cha mawe ndani yake. Rula, pima-maji na watu wawili wanatosha kulikagua. Kulibadilisha ni ghali na si kazi ya kikundi, lakini orodha yenye vipimo na picha ndiyo inayoifikisha serikali mezani. Katika kesi ya makabila dhidi ya jimbo la Washington kuhusu kalvati, amri ya kuzirekebisha ilitolewa 2013, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4, hivyo amri ikabaki. Kalvati moja linalofunguka huachia kilomita za vidimbwi ambazo kisanduku hakiwezi kuzitengeneza.

Kama kijito kinapita mjini na koho wanakufa huku mayai yakiwa bado yamejaa tumboni mwao, acha kabisa wazo la mayai. Desemba 2020 watafiti wa Washington walitangaza kisababishi: kemikali inayoitwa 6PPD-kwinoni, inayotokana na kinga ya matairi inapokutana na ozoni. Chamu huistahimili; koho hufa kwa saa chache. Maji ya barabarani yakichujwa kwenye kitanda cha mchanga na mboji kabla ya kuingia mtoni, sumu hiyo hupungua sana. Vitanda vidogo kama hivyo vinaweza kujengwa kando ya maegesho ya shule.

Na kivuli. Vijiti vya mwerebi hukatwa wakati mti umelala, kabla ya machipukizi ya masika, unene wa sentimita 2 hadi 5 na urefu wa karibu mita moja. Loweka, kisha pigilia theluthi mbili ya urefu ardhini hadi kifikie udongo wenye unyevu, macho yakitazama juu, kilichopinduliwa hakishiki. Fungia kila kimoja wavu wa waya usiobana shina, la sivyo biva, wanyama wa mtoni wanaotafuna miti, watakuachia visiki. Gharama ni karibu bure, na joto la Agosti ndilo linalowabana koho wadogo.

Uamuzi

Whitlock-Vibert: kwa darasa la shule na mayai madogo, usikijaze zaidi ya nusu. Jordan-Scotty: nunua mabamba saba, utumie kama kipimo, na msimu unaofuata uyatumie upya. Pipa: kwa chamu au pinki tu, pale ambapo njia ya samaki iko wazi, wakala wa uvuvi ameliomba, na zamu zimejazwa hadi Aprili.

Usiazimishane visanduku kati ya mabonde ya mito. Ugonjwa wa kizunguzungu wa samaki ulithibitishwa kwa mara ya kwanza British Columbia mwaka 2023, katika Hifadhi ya Taifa ya Yoho, na mbegu za kimelea chake hudumu muda mrefu kwenye tope. Fungua kila bunda, sugua vijumba kwa mswaki hadi tope lote litoke, mimina maji machafu nchi kavu mbali na mto, kausha kabisa pamoja na buti na nyavu, kisha uandike kwa rangi isiyofutika jina la mto kwenye kila bamba.